Peugeot 404 ya marehemu baba na safari ya siku moja ya klabu: tupite njia ipi kwenda Jinja?

Mrithi wa 404 (Kawempe) ameuliza:

Wakubwa kwa wadogo wa jukwaa hili, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na leo nimelazimika kuandika kwa sababu siku zinakwisha na bado sijafikia uamuzi.

Marehemu baba yangu aliacha Peugeot 404 ya mwaka 1966, rangi ya maziwa, gia kwenye usukani, ambayo ilikaa bandani kwa miaka 19 ikiwa imeegemezwa juu ya mawe huku kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Miaka miwili iliyopita nilianza kuifufua polepole, mshahara kwa mshahara, na sasa inatembea. Inatembea, lakini sijawahi kuipeleka mbali zaidi ya kilomita 15 kutoka nyumbani, na kila nikirudi hulala nikitega sikio kama kuna kitu kinadondoka chini yake.

Klabu ndogo ya wenye magari ya kale ambayo nimejiunga nayo mwaka huu imepanga siku ya matembezi ya pamoja, Jumapili ya tatu kuanzia sasa. Magari yatakuwa 11, pamoja na familia: tuondoke Kampala asubuhi, tupite mashambani bila haraka, tule chakula cha mchana Jinja kando ya Mto Nile, kisha turudi kabla ya giza. Si mashindano, hakuna saa ya kupimwa wala zawadi. Wenzangu wameniachia mimi, mgeni, kazi ya kupendekeza njia, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka lawama.

Ninaomba ushauri juu ya mambo mawili. La kwanza ni njia yenyewe: barabara kuu inayopita Mukono, Lugazi na msitu wa Mabira ni ya kilomita 80 hivi tu, lakini kila anayeijua anajua pia malori ya Malaba na Busia, mpakani na Kenya, yanayoijaza usiku na mchana. La pili ni gari. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 76, ambaye alipelekwa Jinja akiwa bibi harusi ndani ya gari hilihili, amesema kwamba hatapanda jingine. Ama aende kwa 404 ama abaki nyumbani. Sasa sitaki nimwache mama kando ya barabara akipepewa na moshi wa malori huku mimi nimeinama chini ya boneti. Je, ni mambo gani ambayo mngeyakagua kwanza, nyinyi mliokwisha kusafiri na magari ya rika hili?

Mpanda Milima (Fort Portal) amejibu:

Ndugu Mrithi, hongera kwa kulitoa gari kwenye kuku. Nitasema wazi kwamba mkienda Jinja mtakuwa mmekwenda sokoni tu. Mashamba yenye kutazamika yako magharibi. Barabara ya Mityana na Mubende ina lami hadi huku kwetu, na ukishapita Kyenjojo unaingia katikati ya chai iliyokatwa sawasawa kama kichwa cha kuruti, na asubuhi isiyo na ukungu unaiona Rwenzori imesimama mbele ya kioo chako. Isitoshe, hilo unalolionea huruma ndilo gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Kuliogopesha kwa kilomita 80 ni kulivunjia heshima. Njooni huku, mlale usiku mmoja, mama atatunzwa vizuri.

Mzee wa Njeru amejibu:

Mwanangu Mrithi, na wewe ndugu yangu wa milimani, nawasalimu nyote.

Ushindi huo wa 404 ni wa kweli, na mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati ule mashindano yalipokuwa bado yanapita Uganda. Tulikuwa tunasimama kando ya barabara kuyatazama magari yaliyofunikwa na tope hata namba hazisomeki. Lakini Mpanda Milima amesoma ukurasa wa kwanza akaacha wa pili. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hii tena yakamaliza saba. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda miaka yote hiyo miwili kwa 404, ndiyo, ila gari lao halikuwa limelaliwa na kuku kwa miaka 19. Kutoka Kampala hadi Fort Portal ni karibu kilomita 300, yaani kwenda na kurudi ni 600. Hiyo si siku ya matembezi. Hiyo ni hijja, na ina wakati wake.

Kuhusu njia, mimi ninakaa kwenye mwisho wake, na nitakueleza ile ninayoipita mwenyewe. Msipite Mabira asubuhi. Tokeni Kampala kwa barabara ya Gayaza, mpite Kalerwe na Mpererwe kabla ya saa moja, kwa sababu baada ya hapo soko linamwagika barabarani, na mtasonga hatua kwa hatua kama maharusi. Kutoka Kasangati mnafika Gayaza, mnaendelea hadi Kalagi, na hapo mnaikuta barabara itokayo Mukono. Shikeni upande wa Kayunga, mpite Nakifuma, na mkifika Bukoloto, pale Kayunga penyewe, geukeni kuelekea Njeru. Barabara hiyo ya Mukono, Kayunga na Njeru, yenye urefu wa kilomita 94, ilitiwa lami miaka michache iliyopita, na malori makubwa ya mpakani hayana kazi nayo. Ukijumlisha yote kutoka Kampala ni kama kilomita 120: mibuni, migomba, mihogo, miinuko midogo isiyochosha gia, na ukifika Kangulumira utayaona mananasi yamepangwa kando ya barabara kama matofali.

Watu watakwambia kwamba njia hiyo ni ndefu kuliko ya Mabira, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kwa gari bovu. Wamekosea. Gari la kale haliuawi na kilomita. Linauawa na foleni. Kilomita 120 kwa mwendo wa 60, upepo ukipita kwenye rejeta, ni mapumziko kwake. Kilomita tatu za kusimama na kusogea nyuma ya lori, jua la saa saba utosini, ndizo zitakazokuweka chini ya boneti mbele ya mama yako.

Jambo moja kuhusu mama. Ikiwa hajafika huku kwa muda mrefu, mwandae mapema: maporomoko ya Bujagali aliyoyajua yamezama chini ya maji ya bwawa lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2012, na mkivuka sasa hampiti tena juu ya bwawa la Owen Falls kama alivyovuka siku ya harusi yake, bali juu ya daraja la nyaya la mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018. Wapo wazee waliolia walipofika. Wengine, kama mke wangu, walisema tu kwamba daraja ni zuri na wakauliza chakula kiko wapi.

Fundi Kabureta (Katwe) amejibu:

Kaka Mrithi, mikono yangu imezeekea ndani ya injini za Peugeot, kwa hiyo niruhusu niingie moja kwa moja kwenye gari.

Mzee amesema foleni ndiyo adui, na 404 ina sababu yake ya pekee ya kumwogopa adui huyo. Feni yake haizungushwi na mkanda muda wote kama feni za magari mengi ya rika lake. Inashikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata moto inashika, yakipoa inaachia. Kwa wakati wake ulikuwa ufundi wa hali ya juu, maana feni ambayo haizunguki bila sababu haili nguvu ya injini wala petroli. Tatizo ni kwamba ukiwa njiani kwa mwendo mzuri upepo unatosha kupoza rejeta, na hata feni ikiwa imekufa hutajua. Utajua ukifika Kalerwe.

Fanya jaribio hili kesho asubuhi. Egesha gari uani, acha injini ingurume bila kwenda, fungua boneti na usimame pembeni, mikono mbali na mkanda. Mwanzoni utaona puli inazunguka kwa kasi na feni inaifuata kivivu, kana kwamba inasukumwa na upepo tu. Subiri, na inaweza kuchukua robo saa au zaidi. Mshale wa joto ukipanda vya kutosha utasikia mlio mdogo mkavu, kama mtu amegonga kijiko kwenye kikombe, na papo hapo feni itakupiga upepo wa kweli tumboni. Kama mshale unaendelea kupanda na kijiko hakijagonga, zima injini, halafu anza na kipande kidogo cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye puli, ambacho huisha kama kaboni ya stata. Kikiwa kizima fuata waya, na mwisho swichi ya joto. Kwa wateja wangu wanaoendesha mjini mimi huifunga feni moja kwa moja izunguke daima. Wapenzi wa asili wananilaani kwa hilo na nimewazoea. Silinda hedi ya 404, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, ni ya aluminiamu, na ikichemka sawasawa mara moja tu hupinda. Mlaani fundi leo au mlipe kesho.

Difu nayo, lile kasha la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ichunguze kabla hujaongeza oili yoyote. Ya 404 haina meno kama ya Toyota. Ina skrubu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na baadhi ya oili za difu za kisasa zina kemikali za salfa ambazo huila shaba hiyo taratibu. Mwuza duka atakwambia oili ni oili. Mwambie asome kibandiko.

Kwa kuwa ni ya 1966, breki zako ni za drami magurudumu yote manne. Zinasimamisha gari vizuri mara ya kwanza na ya pili; ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko zinapata moto na kulegea, kwa hiyo teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na mafuta ya miaka mingi huchemka mapema, basi yatoe yote uweke mapya. Ile mipira ya breki inayokwenda kwenye magurudumu huvimba kwa ndani bila kuonyesha dalili kwa nje; kama hukuibadilisha ulipofufua gari, ibadilishe kabla ya kumpandisha mama. Hapo sina mzaha.

Usisumbuliwe na wanaokutisha kwamba petroli ya siku hizi haina risasi na itaharibu vali. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Hofu hiyo inawahusu zaidi wenye injini za hedi ya chuma, kama Morris Minor, ambamo vali hukalia chuma chenyewe cha hedi. Hedi ya aluminiamu lazima iwekewe viti vigumu vya vali tangu kiwandani, na kwa mwendo wa Kayunga havitakusumbua.

Dereva wa Kobe (Entebbe) amejibu:

Ndugu zangu, naunga mkono hoja ya Mzee kuhusu foleni, na ushahidi ninao mwenyewe, kwa aibu.

Nina Volkswagen Beetle, na mwaka jana nilikwenda Jinja na marafiki kupitia barabara kuu. Tulisongamana katikati ya Mukono kwa muda mrefu, injini ikipigwa na moto wake mwenyewe, na tulipopata nafasi nikakanyaga mafuta kwa hasira. Tulipoingia Mabira taa nyekundu ya jenereta ikawaka. Wengi hudhani taa hiyo ni ya betri tu na huendelea hadi kijiji kijacho. Kwenye Beetle mkanda mmoja ndio unaozungusha jenereta na feni ya kupoza injini, na injini hiyo haina maji. Mkanda ukikatika, umebakiwa na dakika chache kabla ya kuikaanga. Nilisimama papo hapo.

Mkanda wa akiba nilikuwa nao, umefungwa vizuri kwenye gazeti. Nilichokosa ni spana namba 21 ya kufungulia nati ya puli. Mkanda mpya mkononi, puli mbele yangu, na hakuna njia ya kuvifikishia pamoja! Aliyeniokoa ni taniboi wa lori la mahindi lililokuwa limesimama kupoza matairi yake. Alileta spana, akachomeka bisibisi kwenye pengo la puli ili isizunguke, akafungua nati, akazihesabu zile washa nyembamba zinazokaa katikati ya vipande viwili vya puli, akatoa moja ya ndani na kuihamishia nje ili mkanda ukaze, akafunga. Hakuwahi kumiliki Beetle. Alisema mjomba wake alikuwa nayo Mbale.

Tangu siku hiyo sibebi kipuri ambacho sina chombo cha kukifungia, na kabla ya safari nabadilisha kila kipuri mara moja nikiwa uani kwangu, kwa vyombo vilevile vilivyomo garini.

Binti Bombo amejibu:

Kaka Mrithi, pokea salaam, na shikamoo kwa mama.

Wanaume wa jukwaa hili wamekueleza mambo mengi yenye manufaa, lakini nimesoma majibu yote na sijaona mtu aliyeuliza msafara utakwendaje, wala wale wengine thelathini ambao si madereva watafanya nini. Mimi ninaendesha Land Rover Series III ya marehemu babu, na nimekwenda katika matembezi ya namna hii ambayo yaliharibika bila gari hata moja kuharibika. Mara ya mwisho tulisimama mara mbili tu, na mara zote mbili watu walifungua boneti na kuzungumza juu ya kabureta kwa saa nzima huku watoto wakilia njaa na bibi mmoja akitafuta msala. Simameni kila baada ya kilomita 30 hivi, kwa dakika 20, mahali mlipopachagua mapema: Nakifuma au karibu yake, kisha Kayunga mjini kwenye kituo cha mafuta chenye vyoo, kisha mananasi ya Kangulumira. Boneti zifunguliwe mara moja tu, Kayunga.

Magari 11 yasiende kama treni. Dereva wa basi aliye nyuma yenu hawezi kupita magari 11 kwa mkupuo mmoja, atajaribu hata hivyo, na ajali itakuwa ya wote. Gawaneni makundi ya magari matatu au manne, na mwache nafasi ya kutosha kati ya kundi na kundi. Linalotangulia liwe lile la polepole kuliko yote, si lile la mwenyekiti. Halafu kuna desturi moja ambayo imetuokoa mara nyingi: kila dereva anamchunga aliye nyuma yake. Ukifika njia panda, pale Gayaza, Kalagi na Bukoloto, hugeuki mpaka anayekufuata amekuona ukigeuka. Usipomwona kwenye kioo, punguza. Ukiendelea kutomwona, simama. Hivyo habari ya gari lililokwama inafika mbele yenyewe, hata simu zikikosa mtandao. Mwisho kabisa awepo mtu mwenye pikapu ya kisasa, kamba ya kuvutia na maji, na mtu huyo asiwe na haraka ya kula.

Nina neno kuhusu matairi pia. Mwenzetu mmoja alikuwa na Mercedes iliyong'aa kama sahani ya sikukuu, matairi yenye kashata nzito kana kwamba yametoka dukani jana, na moja likapasuka kwenye lami iliyonyooka. Tulipoinama kutazama ubavuni tukakuta tarakimu nne: 1109. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2009. Gari linalotembea mara chache humaliza umri wa tairi kabla ya kumaliza kashata zake. Kaka, soma ya kwako leo, pamoja na la akiba.

Mzee wangu wa Njeru, kwa heshima zote, kukwepa Mabira kabisa ni kuwanyima watu kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, za Najjembe, soko la kando ya barabara humo msituni. Je, hawawezi kurudi kwa njia hiyo?

Mzee wa Njeru amejibu:

Binti yangu, umesema kweli, na kuhusu gari la polepole kutangulia umenifundisha. Kwa Najjembe sina ugomvi: ni kati ya njia ya kurudi, na kuku wake hata mimi huwafuata. Ila Jumapili jioni watu wote waliokwenda mashariki hurudi Kampala kwa pamoja, na kuanzia Mukono hadi mjini unaweza kuzimaliza sala zote za jioni ukiwa ndani ya gari. Wakiondoka Jinja saa nane kamili, na nasema saa nane, si saa nane ya harusi, watakula Najjembe na kuvuka Mukono kabla ya msongamano. Wakichelewa hata kufika saa tisa unusu, warudi walikotoka, kwa Kayunga, na kuku waagize siku nyingine.

Mrithi wa 404 amejibu:

Wakubwa zangu, ahsanteni kwa moyo wote. Nimefanya jaribio la Fundi. Nilisubiri dakika 25, mshale ukapanda, kijiko hakikugonga. Kaboni ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki kama ukucha. Matairi manne ni ya 2021, lakini la akiba ni la 2004. Mipira ya breki sikuibadilisha nilipofufua gari, naona aibu kulisema. Fundi, niifunge feni moja kwa moja au nitafute kaboni?

Fundi Kabureta amejibu:

Ifunge kwa safari hii, kaboni utaitafuta ukiwa umetulia. Kaboni ya stata ya gari jingine inaweza kusuguliwa kwa msasa hadi ikakaa, lakini si kazi ya kujifunza wiki moja kabla ya kumbeba mama. Mipira ya breki nunua yote, usinunue mmoja.

Mrithi wa 404 amejibu (wiki mbili baadaye):

Tumekwenda na tumerudi, na naona ni deni kuwaeleza.

Tulipaswa kupita Kalerwe kabla ya saa moja. Tulipita saa mbili na robo, kwa sababu mwenzetu mwenye Datsun alisahau funguo za tangi la mafuta nyumbani. Foleni ilikuwa kama Mzee alivyoitabiri. Mshale wangu ulipanda hadi robo tatu ukasimama hapo, feni ikivuma bila kukoma, na sikuchemsha. Datsun ndiyo iliyochemsha, na sikumcheka mwenye gari, ingawa mama alicheka. Baada ya Gayaza barabara ikafunguka, upepo ukaingia, na kuanzia hapo hadi Njeru hakuna gari lililosimama kwa ugonjwa. Mbele tuliweka Morris Minor ya mwenzetu aliyestaafu ualimu, mwendo wake 50, na hakuna aliyelalamika ila mwenyekiti. Pale Bukoloto ile desturi ya kumchunga aliye nyuma ilituokoa: gari la tatu la kundi letu lilikuwa limenyooka kuelekea Kayunga mjini, na mwenye Morris, ambaye habari ilimfikia kwa vioo tu, alikuwa ameshasimama kivulini akitungoja.

Mama alikaa mbele. Tulipokuwa kati ya Nakifuma na Kayunga nikakosea gia, nikaingiza ya pili kwa nguvu na gari likalia. Bila kugeuza kichwa akaniambia niuvute mkono wa gia kuja kwangu kwanza, nisubiri kidogo, ndipo niushushe, kwa sababu "yeye alikuwa anasubiri kidogo." Nilisubiri kidogo. Gia ikaingia bila sauti. Sikujua kwamba kwa miaka yote ile ambayo baba aliendesha, mama alikuwa akitazama mkono wake.

Juu ya daraja hatukusimama, tulipita taratibu tu. Alitazama nyaya, akatazama maji upande wa bwawa, hakusema kitu, na mezani alikula samaki mzima peke yake. Tuliondoka Jinja saa tisa kasorobo, tukakata shauri kurudi kwa Kayunga, kwa hiyo Binti Bombo, kuku wa Najjembe bado tunawadai. Mananasi tulinunua 14. Mvua ilitukuta Nakifuma tukirudi.

Sasa nina swali jipya, kama mtaniruhusu kulileta hapahapa. Ni nani anayejua panapopatikana mpira wa kile kioo kidogo cha pembe cha mlango wa mbele, upande wa kushoto? Soko la vipuri la Kisekka nimelizunguka siku mbili bila mafanikio. Mvua yote ya Nakifuma iliingia kupitia hapo ikamwagika mapajani mwa mama, naye ameshauliza tarehe ya safari ijayo.